Raia Namba Saba

Nianze kwa kukiri, maana mficha maradhi kifo humuumbua: nilijiandikisha kuwa raia kwa nia mbaya.

Najua, raia nilikuwa tangu nizaliwe, na kitambulisho ninacho, kimo ndani ya mkoba wa khanga chini ya godoro. Lakini huu ulikuwa uraia wa siku tatu, wa kuvishwa kadi shingoni. Lilikuwa zoezi la askari waliojiandaa kwenda nchi jirani kulinda amani. Walihitaji watu wa kuwalinda kwa mfano kabla ya kwenda kuwalinda watu wa kweli, wakaja kututafuta sisi watu wa Micheweni. Na miongoni mwa askari hao alikuwamo binti yangu, Luteni, nyota mbili kila bega.

Alikuwa amekuja nyumbani wiki mbili kabla kutaka radhi. Kwetu mtu hafungi safari kama ile bila radhi ya wazee wake, na baba yake alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo radhi yote iliyobaki ilikuwa kwangu. Akakaa mkekani mbele yangu, miguu ameikunja vizuri, nguo za jeshi amezivua amevaa dera. Hapo nikajua jambo lenyewe ni kubwa.

"Kazi yenyewe ndiyo ipi?" nikamuuliza.

"Kulinda raia, mama."

"Wasidhuriwe na nani?"

"Na wenye bunduki."

"Na nyinyi mtakuwa na bunduki?"

"Tutakuwa nazo."

"Basi hiyo ni vita, usinizungushe."

"Si vita, mama. Sisi hatwendi kushinda vita. Kazi yetu mtu aende shamba arudi. Mwanamke aende kuchota maji arudi. Ikifika jioni wote wakiwa wamerudi, tumefanya kazi."

Nikamwambia, "Yaani umesomeshwa miaka yote ile ukawe msindikizaji."

Akasema, "Ndiyo, mama." Mtu akishakubali namna hiyo huna tena pa kumshikia.

Hapana sikumwambia. Nani anaweza kusema hapana kwa mtoto aliyekunja miguu mkekani? Nilisema, "Inshallah, tutatazama." Lakini anazijua inshallah zangu. Iko ya ndiyo, na iko ya kaa hapo ungoje mpaka usahau ulichokuja kuomba. Alinitazama usoni, akajua ni ipi, akanyanyuka akaenda jikoni kumsaidia Bi Mdogo kukuna nazi.

Bi Mdogo ni mke mwenzangu. Marehemu alinioa mimi kwanza, akamwoa yeye miaka sita baadaye, na tukagombana vizuri sana mpaka alipofariki, tukakuta hatuna tena cha kugombania ila chumvi ya mchuzi. Tunakaa nyumba moja na tunalima mwani pamoja. Yeye hakujaaliwa mtoto. Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, nikitoka asubuhi narudi adhuhuri, na mtoto akabaki mgongoni kwake. Kwa hiyo nikisema "binti yangu" mbele yake hunikazia macho mpaka niseme "binti yetu". Hapa hayupo, nitasema nipendavyo.

Siku chache baadaye Sheha, mtu wa serikali hapa mtaani kwetu, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba jeshi linatafuta watu arubaini wa kuigiza raia waliokimbia vita. Watalala nyumbani, wataripoti asubuhi, watalishwa. Siku tatu. Akasema tena kwamba wakaguzi watakuwapo, na kundi litakaloshindwa kuwalinda raia wake halitasafiri. Litabaki kufundishwa upya na nafasi watapewa wengine.

Hayo ya mwisho niliyasikia kwa masikio yote mawili.

"Andika majina yetu," nikamwambia Sheha. "Mimi na mwenzangu."

Sheha alipoondoka Bi Mdogo akaniuliza, "Una nini weye?"

"Nataka kulindwa."

"Miye nakujua. Wataka kumharibia mtoto."

"Nataka abaki. Kama hawawezi kunilinda miye, watawalinda wenyewe wa huko? Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Hakuna anayejua kuliko miye namna watu arubaini wanavyomshinda mtu mmoja."

Hakunijibu. Alikwenda kuanika mwani. Bi Mdogo asiponijibu huwa hakukubali wala hakukataa, anangoja nianguke aje aniokote.

Siku ya kwanza tukakusanywa kwenye uwanda wa mawe nje ya mji, pale ambapo hata mhogo huota kwa kubembelezwa. Wamejenga kambi ya mfano: mahema, ua wa kamba, lango la miti miwili. Kapteni aliyeongoza zoezi alikuwa kijana mrefu kutoka Bara, mwenye adabu kupita kiasi. Alitupa shikamoo ya jumla na akaeleza sheria. Askari wenye kitambaa chekundu mkononi ndio waasi. Wanatembea na vifuko vya unga mwekundu. Ukirushiwa unga umekufa, unakwenda kukaa kwenye hema la maiti. Akatuonyesha hema lenyewe. Lilikuwa na kivuli kizuri, birika la chai na sinia la mandazi. Nikawatazama wazee wenzangu wanavyolitazama hema lile, nikaona kuna watu watakufa mapema.

Kisha tukagaiwa kadi. Kila mtu na namba yake na hali yake. Yangu iliandikwa: Raia Namba Saba, mjamzito, miezi minane.

Nikamwambia karani, "Mwanangu, mimi nina miaka sitini na mbili."

"Kadi zimeshapangwa, mama."

"Mimba haipangwi na karani."

Lakini akaletwa askari wa kike na mto, nikafungwa tumboni kwa khanga, hadharani, wote wakinitazama. Bi Mdogo alikuwa anacheka mpaka anashika magoti. Ndipo naye akapewa yake: Raia Namba Nane, bubu. Wanawake wa Micheweni walikaa chini kwa kicheko. Bi Mdogo husikika kutoka nyumbani mpaka msikitini, na hapo huwa ananong'ona. Akafungua mdomo kulalamika, karani akamwonyesha kadi, akaufunga. Wallahi, ilinilipa mimba yangu yote.

Sasa nieleze nilivyowatesa, maana siyaonei haya.

Langoni tulipekuliwa. Nilikuwa nimekificha ndani ya mto kisu changu cha kukatia kamba za mwani, nikitegemea kwamba hakuna mtoto aliyelelewa akabonyeza tumbo la mjamzito. Na kweli, yule askari wa kike alinipapasa mabega, akanipapasa miguu, akaliruka tumbo kwa heshima. Nikapita. Nilikuwa nimeshapanga niketi mbele ya Kapteni, nitoe kisu nimenye chungwa, kila mkaguzi aone. Binti yangu akatokea. Amevaa kofia ya buluu na hakuonyesha hata chembe kwamba tunajuana.

"Hujambo, mama. Mtoto anacheza?"

"Anacheza sana."

Akaweka mkono juu ya mto, akaminya kidogo, akaingiza vidole viwili kwenye khanga, akakitoa kisu kwa mpini. Akakigeuza. "Hiki cha kazi," akamwambia askari wake. "Kiandike kwa jina la mwenyewe. Akienda kazini apewe." Na hapo ndipo aliponitazama, mara moja tu, akaondoka.

Basi nikahamia kwenye choo. Walichimba vyoo vya shimo, wakavizungushia makuti, na aliyechimba alikuwa hajui kwamba amemweka mtu akichutama anaelekea kibla. Nikaliona hilo adhuhuri nikafurahi kwa namna isiyofaa. Nikawakusanya wanawake kimyakimya, tukakubaliana kwamba baada ya sala tutakwenda kwa wakaguzi, tutakataa choo, tutakataa na kambi yenyewe. Tukasali, tukatoka kwa msafara. Kufika tukakuta askari wawili wanatokwa jasho wanageuza makuti, na Luteni amesimama na chepeo ya kuchimbia. Mwenye haja akaingia, na msafara wangu ukavunjika hivyohivyo.

Jioni nikamwambia Bi Mdogo, "Huyu mtoto mjanja." Yeye akanyosha kidole kwenye kadi yake. Mpaka nyumbani aliendelea na ububu kwa kunikomoa.

Lakini silaha yangu kubwa nilikuwa nimeiweka siku ya pili. Kapteni alipanga zoezi lake kwa kalenda ya ukutani. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile ya pili ni bamvua kubwa, maji yanatoka mbali saa nne asubuhi, na kwamba nusu ya raia wake ni wanawake wenye mwani uliokomaa, wiki sita za kuinama, na upepo umeanza kuchafuka. Mwani huo usipovunwa siku ile hukatika kwenye kamba na kuondoka na maji. Kati ya kambi na pwani iko njia moja, na kwenye njia hiyo Kapteni mwenyewe alikuwa amewaficha waasi wake.

Saa tatu, baada ya chai, nikasimama na mimba yangu. "Wanawake, maji yanatoka."

Wanawake kumi na wanane wakanyanyuka, wakajifunga khanga, tukaenda langoni. Kapteni akaja mbio.

"Mama zangu, huko nje kuna waasi."

"Na pwani kuna mwani," nikamwambia.

Akacheka. Halafu akaona peke yake ndiye anayecheka. "Lakini mtakufa."

"Tutakufa kwa mfano, baba. Mwani ni wa kweli."

Akaamuru lango lifungwe. Lango lenyewe miti miwili na ua wa kamba, mbuzi angepita bila kuinama. Hapo binti yangu akafika. Akampigia saluti, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na sikio langu halijastaafu:

"Afande, tukiwafungia watapita vichakani, mmoja mmoja. Huko hatutawaona. Naomba niende nao."

"Agizo ni raia wasitoke kambini."

"Agizo ni raia wawe hai, afande. Wakikosa mavuno watatoka tu kesho, au keshokutwa, na hawatatuaga."

Kapteni akatupa jicho pembeni. Wakaguzi walikuwa wanaandika. Mwishowe akasema, "Nenda. Lakini akianguka raia mmoja, mmoja tu, nalikata jina lako na la timu yako nzima. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande."

Akageuka akanipa kisu changu. Alikuwa nacho mfukoni. Ndipo nilipofahamu kwamba bamvua alikuwa nayo kichwani tangu jana. Mtoto wa mwani yule, alijifunza kuhesabu kwa kamba zetu kabla hajaja darasani kwangu. Nikaona hasira, na chini ya hasira nikaona fahari, nikaikanyaga fahari.

Maana nilikuwa nimeyasikia maneno. Raia mmoja tu. Na mimi nilikuwa raia.

Tukaenda. Askari wanane, wanne kila upande, na Luteni mbele. Pale njia inapobana kati ya mwamba na mikoko aliwasimamisha wawili wabaki hapo mpaka turudi. Pwani tuliinama tukafanya kazi yetu, maji magotini. Wao walisimama wametupa mgongo, wametazama mikoko. Hakuna aliyetuharakisha. Kuna askari mmoja, mtoto wa Bara, aliuliza kama mwani unaliwa, akaambiwa ajaribu, akajaribu, akatema. Mimi nilivuna nikiwaza. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshaamua.

Wakati wa kurudi, magunia kichwani, nikapunguza mwendo mpaka nikawa wa mwisho. Nikamwacha wa mbele yangu apite kona ya kwanza, nikaketi juu ya jiwe nikajifanya natoa mwiba. Nitarushiwa unga, nitakufa, nitakwenda kula mandazi, na mwanangu atabaki Pemba. Basi. Nilihisi kwamba jambo zima ni jepesi kuliko nilivyodhani.

Bi Mdogo peke yake ndiye aliyegeuka. Tukatazamana. Nikampungia mkono: nenda. Akasimama. Nikampungia tena, kwa ukali. Alikuwa na sababu zangu zote na zake juu. Yeye ndiye aliyekuwa haoni usingizi tangu mtoto alipoleta habari ile, mimi nilikuwa nalala. Akapiga hatua nne, tano, nikaona mabega yake yanapotea kwenye kona.

Halafu nikaisikia sauti ambayo mji mzima unaijua.

"Bi Mkubwa kabaki nyuma!"

Bubu amesema. Nikasikia buti zinakuja. Luteni aliwaachia askari wake ishara wawazunguke wanawake, akarudi yeye mbio, peke yake. Wakati huohuo muasi akatoka kwenye mikoko upande wangu na kifuko mkononi. Mwanangu akaingia katikati, akamkabili yule, mimi nikiwa nyuma yake. Ilikuwa barabara kabisa. Ila nyuma yetu, juu ya mwamba, akainuka muasi wa pili, na huyo hakuwa ananitazama mimi. Mkono ameuinua, analenga mgongo wa mwanangu.

Unga, najua. Unga wa rangi. Lakini mimi niliuona mgongo. Mgongo ule nimeupaka mafuta ya nazi kila baada ya kuoga, mimi na Bi Mdogo tukigombea zamu. Mwenye mgongo hajui kama kuna mtu nyuma yake, na amekuja pale kwa sababu yangu, kwa sababu nimekaa juu ya jiwe natoa mwiba usiokuwapo.

Nikasahau zoezi. Nililishika gunia la mwani mbichi kwa mikono miwili nikamvurumishia yule kijana alipokuwa anaruka chini. Gunia la mwani mbichi ni zito, aulize yeye. Alianguka chali, kifuko kikampasukia kifuani, akawa amekufa kwa unga wake mwenyewe. Mimba yangu ikachomoka ikabiringika mpaka majini. Muasi wa kwanza akabaki mdomo wazi. Nilikuwa ninaokota kigingi cha mwani kilichotupwa njiani ili nimalizane na yeye pia, niliposikia:

"Raia. Nyuma yangu."

Hakupaza sauti. Sauti ile sikuijua, sikuwahi kuisikia nyumbani mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasema maneno yale, njia kuu ya Chake Chake, gari zikipita, naye bado mdogo kanishika buibui. Nikaangusha kigingi. Nikaenda nyuma yake, nikashika upindo wa shati lake la jeshi, nikakaa hapo kimya mpaka askari wake wawili wakafika na yule muasi akarudi mikokoni kwa mujibu wa kanuni.

Tulipoanza kutembea akaniambia bila kugeuka, "Mama, ulibaki makusudi."

"Ndiyo."

"Ili nisiende."

"Ndiyo."

Tukatembea kidogo. "Nilijua tangu uliposimama baada ya chai," akasema.

"Mbona ulirudi, kama ulijua ni makusudi?"

"Kwani aliyekaa makusudi haruhusiwi kupona? Huko niendako wako wengi kama wewe, mama. Atakuwapo mmoja ataona mahindi yake yanaiva, atatoka. Siwezi kumuuliza kwanza ana akili gani. Nitamfuata."

Nikalia. Sikulia kwa staha ya mtu mzima, nililia kwa makamasi, na gunia nimelirudisha kichwani. Nilikuwa nimetaka aniambie kwamba kule ni kusimama langoni na kofia ya buluu, apigwe picha, arudi. Sasa nilikuwa nimeiona kazi yenyewe, na nimeiona kutoka nyuma ya mgongo wake. Niliogopa kuliko mwanzo.

Kambini palikuwa na kesi. Mkaguzi mkuu alikuwa Meja, mama mtu mzima kutoka Bara, mwenye miwani ya kusomea na uso usiochezacheza. Kapteni akamsomea makosa, mimi nimesimama pembeni nimelowa.

"Raia Namba Nane, ambaye ni bubu, amesema."

"Nimesikia," Meja akajibu. "Wote tumesikia. Nilikuwa hapa hapa kambini."

"Raia Namba Saba amempiga muasi. Kanuni zinasema raia hapigi. Tena mjamzito. Tena," akatazama karatasi, "ameupoteza mto."

Meja aliinamisha uso kwenye faili na akakaa hivyo muda mrefu kuliko kusoma kunavyohitaji. Kisha akasema kwamba kanuni za raia ni zetu sisi raia, askari hakaguliwi kwa hizo. Wengine wote wanaweza kukisia, akasema, lakini aliyelindwa ndiye anayejua kama amelindwa. Akataka kuzungumza na yule aliyeachwa nyuma njiani, peke yake.

Nikaingia hemani kwake. Hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa namba saba.

Aliniuliza kama walinzi walituuliza haja zetu. Nikamwambia hawakutuuliza, lakini walizijua. Akaandika. Aliniuliza kama nilirudi bila dhara. Nikamwambia dhara lililokuwapo nililifanya mimi. Akaandika na hilo. Halafu akavua miwani.

"Swali la mwisho, mama, na nataka neno moja. Ungekuwa huko kweli, vita vya kweli, na huyu Luteni ndiye mlinzi wako. Ungemwamini? Ukisema hapana, ripoti yangu itasema hapana, na timu yake haitasafiri. Sikulazimishi."

Haya. Nilichokihangaikia kwa mto na kisu na choo, nimeletewa mezani kwenye kisahani. Hapana ilikuwa mdomoni mwangu tayari, ina wiki mbili imekaa pale. Hema lilikuwa wazi mbele. Nikamwona mwanangu nje, amechuchumaa, anamfunga bandeji yule muasi niliyemwangusha, na Bi Mdogo amemsimamia anamwonyesha namna ya kufunga, anasema bila kupumua, anafidia siku mbili zote za ububu. Hakuna kati yao aliyetazama upande wangu. Nikawaza yule mwanamke wa huko, nisiyemjua, ambaye mahindi yake yanaiva. Nikawaza atatumiwa nani nikimzuia huyu. Na nikachukia kwamba nimewaza hivyo.

"Ndiyo," nikasema.

"Una hakika, mama?"

"Nimesema ndiyo. Usiniulize mara ya pili, nitaibadilisha."

Akavaa miwani, akaandika, akanisogezea karatasi na kalamu nitie saini. Nikaishika kalamu. Mkono ulikuwa unatetemeka, haukutaka kutulia juu ya mstari. Nikaushika kwa mkono wa pili, ikawa vibaya zaidi. Meja akanitazama kwa huruma, akaitoa kalamu vidoleni mwangu taratibu, akafungua kikopo cha wino.

"Si neno, mama yangu. Weka dole gumba tu. Wengi hapa hawakupata bahati ya skuli."

Ningeweza kumwambia. Siku nyingine ningemwambia, na ningemwambia na jina la chuo cha ualimu. Nikaweka dole gumba.

Siku ya tatu ya zoezi ilipita bila kisa. Mwanangu alikuja nyumbani siku ya kuondoka, gari inamngoja barabarani. Akavua buti mlangoni, akakaa mkekani, akakunja miguu. Alikuwa ameshaambiwa kwamba timu imepita, lakini hakuambiwa imepitaje.

"Mama," akasema, "nimekuja kutaka radhi."

Maneno ya radhi ninayo, nimeyasikia kwa mama yangu na nimewasikia wengine wakipewa. Hayakutoka. Nikanyosha mkono nikamwonyesha dole gumba, bado lina buluu mpaka kwenye ukucha. Alilitazama, akaelewa, maana askari wanazijua karatasi zao. Akalishika kwa mikono miwili, akalibusu, akaliweka kwenye paji lake la uso. Alipoinua kichwa alikuwa anajaribu kucheka.

"Wino huu hautoki kwa sabuni, mama. Paka ndimu." Akaita jikoni, "Mama Mdogo, niletee ndimu nimsafishe."

Bi Mdogo akajibu kutoka jikoni kwamba ndimu zimekwisha, wino ubaki ulipo. Zilikuwako kapu zima, nilizichuma mwenyewe asubuhi ile.